Profesa Kibogoyo Hatakiri

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepokea karatasi za hadithi ya wiki hii, za kusoma studio. Nimeanza na ya mwisho, kama kawaida yangu. Bora ningeiacha! Profesa Kibogoyo anakamatwa. Anakiri, anatubu, anapelekwa mbali kwa shangazi yake akalelewe upya. Mwisho wa Profesa. Na mwisho wangu, maana sauti ya Profesa Kibogoyo ni mimi.

Niandike taratibu, hasira isinichanganye. Nina miaka hamsini na mmoja, magoti mabovu na wajukuu wawili. Lakini mbele ya maiki nina miaka tisa, meno ya mbele sina, na akili yangu inawashinda wasomi wa mji mzima. Miaka sita kwenye katuni ya televisheni naiba saa za mnara na kengele za shule. Watoto wa mtaani hunisimamisha niwatishe. Sasa watatishwa na nani?

Inspekta Jicho, mpelelezi anayenikamata, ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye anabaki. Amenipa pole huku ananitazama kwa huruma. Huruma ya wifi! Naapa Profesa hakamatwi.

Jumanne, tarehe 4

Nimemfuata mwandishi ofisini kwake. Nimemkuta anamenya karanga juu ya kazi yake. Nikamuuliza Profesa kamkosea nini. Akasema hakuna kosa, ila mwenye studio anataka mwizi mpya, huyu watazamaji wameshamzoea. Nikamwambia hata chumvi watu wameizoea, mbona hawaiachi? Akacheka. Hakubadilisha kitu.

Lakini kajikwaa ulimi! Kasema ugumu wa hadithi hii ni kwamba Inspekta hana ushahidi hata chembe. Mwizi asipokiri kwa mdomo wake, hakuna kesi. Aha! Na mwenye mdomo ni nani? Nimerudi nyumbani mbio mbio, magoti yakasahau kuuma.

Jioni nikapanga mipango jikoni. Napanga kwa sauti ya Profesa, kwa sauti yangu mawazo makubwa hayaji. Mume wangu kasikia mtoto anacheka kiovu kwenye masufuria, kafunga mlango bila kuuliza. Amezoea.

Jumatano, tarehe 5

Mpango wa kwanza: sauti imenikauka. Bila sauti, atakiri nani? Nimefika studio na skafu shingoni, naongea kwa mikono. Mwongozaji akashika kichwa. Fundi sauti akaniletea maji ya moto. Wifi akakaa pembeni ananitazama tu, Inspekta kamili.

Saa tano simu ikalia. Mume wangu. Bomba la jikoni limepasuka, maji yanafungiwa wapi? Nikamwandikia jibu kwenye karatasi, ndipo nikakumbuka yeye yuko nyumbani, karatasi ninayo mimi. Akasema maji yamefika sebuleni. Kwenye zulia jipya. Zulia langu! Nilipiga ukelele mpaka kioo cha chumba cha kurekodia kikatetemeka. Wote wakageuka. Nikanong'ona kwamba naona nimepata nafuu. Wifi akachukua kalamu akaandika kitu pembeni mwa karatasi yake. Sikuona nini, ila alikuwa na furaha isiyo na sababu.

Alhamisi, tarehe 6

Asubuhi wifi kahangaika nusu saa akitafuta karatasi zake. Maskini. Zilikuwa nyuma ya pazia, nilikoziweka.

Mpango wa pili: kuharibu. Palipoandikwa "nakiri" nimesema "nakataa." Mara nyingine nimepiga chafya. Mara nyingine nimekiri kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Mara kumi na saba! Mwongozaji akatoka nje kuvuta hewa, wifi akamfuata kumbembeleza. Upande wa pili wa kioo fundi sauti kainamia mitambo yake. Nimebaki peke yangu chumbani, na chumba kile kina utulivu mzuri sana wa kupanga mambo.

Nikajisemea kwa sauti ya Profesa: "Wanadhani watanikamata? Thubutu! Ugonjwa wa koo nilidanganya mimi. Karatasi za Inspekta nilificha mimi. Yote nimefanya mimi, na ningefanya tena, kwa sababu nikiondoka hapa hakuna atakayenikumbuka." Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na machozi juu yake.

Nikainua macho. Taa nyekundu inawaka. Inarekodi! Kila mgeni akija hapa ninayemwonya ni mimi: taa nyekundu ikiwaka, hata tumbo usiliache lingurume. Fundi alikuwa kavua hedifoni, anafuta macho kwa mkono wa shati.

Ijumaa, tarehe 7

Wameitumia. Yote! Mwandishi kaandika upya kurasa tatu ili hadithi iifuate. Mwongozaji anasema tangu aanze kazi hajasikia mwizi akikiri namna ile. Wametuonyesha michoro ya awali, ya penseli tu. Profesa kasimama, kidevu kinatetemeka, Inspekta kamshika bega. Mwizi hodari kuliko wote mjini, na kaponzwa na mdomo. Mdomo wangu mwenyewe!

Nimetundika hedifoni zangu ukutani nikatoka bila kuaga. Imeniuma, sitaki kusema uongo. Usiku sijala.

Jumamosi, tarehe 8

Wifi kaja asubuhi. Nikajua kaja kutamba. Kumbe jana alimng'ang'ania mwenye studio saa mbili nzima. Alimwambia wifi yake akiondoka, Inspekta naye atafutiwe sauti kwingine. Nimepata nafasi! Mimi ndiye shangazi anayempokea Profesa. Nina maneno saba: "Karibu, mwanangu. Vua viatu mlangoni, nimeshapiga deki."

Nimemkumbatia nikamlowesha bega zima. Nampenda wifi yangu. Niliandike mara moja, liishe.

Kaniomba jambo moja tu: nisome kilichoandikwa, nisibadilishe hata neno. Nimemwapia, mume wangu shahidi. Nikamsindikiza mpaka kona.

Njiani kurudi nikawaza. Mtoto mwenye akili ile, aliipata wapi? Nani alimlea? Nani alimwonyesha saa ya kwanza akamwambia hii, mwanangu, inafunguka? Shangazi! Huyu mama hapigi deki bure, anafuta nyayo za watu!

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Nimeshabadilisha maneno sita. Limebaki "karibu" tu, na hilo nalo nimeliongezea kicheko.