Mnirudishie Mhafidhina Wangu

Linet Nyamoita Mokua,
Karibu na soko la Ekerenyo,
Nyamira.

Ndugu Mhariri,

Na kama nilivyokuwa nikikueleza kwenye simu kabla salio langu halijaisha, tatizo si gazeti lako lote. Ukurasa wa michezo hauna neno. Ukurasa wa vifo tunausoma kwa heshima. Tatizo ni makala ya yule daktari wa chuo kikuu iliyotoka Jumamosi wiki tatu zilizopita, iliyouliza kwa nini watu hushikilia siasa za kihafidhina. Uliniambia niweke malalamiko kwa maandishi na niyape nambari. Nimeyapa.

Kwanza nijitambulishe vizuri, maana kwenye simu nilikuwa nalia. Mimi ni mke wa Walter Mokua. Nimekuwa mke wake kwa wiki saba na siku mbili, na hadi sasa nikiandika maneno "mke wake" kalamu inateleza yenyewe. Mokua ni mhafidhina. Chama chake ni kile cha tangu apate kitambulisho. Mzee Anyona, anayegombea tena udiwani katika uchaguzi wetu mdogo wa tarehe ishirini na saba, Mokua amempigia kura mara tatu, na ya nne amekwisha kumwahidi. Hataki katiba iguswe. Hataki mashine ya kuchumia chai. Hataki mtaala mpya, na hata ule uliokuwapo kabla ya huu alikuwa bado anaufikiria.

Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo. Nilikuwa nauza katika duka la vitambaa mjini Kisii, naye alikuja kila Jumapili saa nne na nusu kununua leso nyeupe ya mfukoni. Miaka miwili, Ndugu Mhariri. Nilimwonyesha ya buluu, akasema hapana, asante. Nilimwonyesha yenye mistari, akasema labda mwakani. Wasichana wenzangu walimwita Bwana Mafua. Mimi nilijiambia kwamba mwanamume asiyeweza kubadili rangi ya leso hataweza kubadili mke. Sasa tazama malalamiko yangu.

1. Daktari ameandika kwamba watu huwa wahafidhina kwa sababu ya uoga. Aulize ni nani alipanda juu ya paa mvua ya mawe ikinyesha, na sufuria kichwani, ili mabati ya jikoni mwangu yasipeperuke. Alishuka na uvimbe wa ukubwa wa limau. Nilipomkanda alisema haumwi. Nilimkanda hata hivyo, siku nne.

2. Ameandika kwamba watu hurithi siasa kwa baba zao bila kuuliza maswali. Ni kweli Mokua amerithi chama cha babake, Mzee Manasseh. Amerithi pia masikio yake, na hayo masikio nayapenda kupita kiasi. Je, nayo tuyapeleke kwenye kura ya maoni? Kitu hakiwi kibaya kwa sababu baba mkwe alikuwa nacho.

3. Ameandika kwamba wasiosafiri ndio hukataa mambo mapya. Mokua amefika Mombasa. Alikwenda Jumatatu, akaonja chai ya huko, akarudi Jumanne. Kwa hiyo amesafiri, ameona, na amepima.

4. Ameandika kwamba mila ni ukuta ambao watu hujificha nyuma yake. Hapa nilisimama nikazunguka meza. Kwetu, Ndugu Mhariri, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Tangu niolewe, Mzee Manasseh hajavuka kizingiti changu. Anasimama kule kwenye ua, anakohoa mara mbili, nampelekea chai, anakunywa akiwa ameangalia ng'ombe ili asiniangalie mimi. Mara ya kwanza nilidhani hanipendi. Mokua akanieleza kwamba mzee ananipa nyumba yangu iwe yangu, mahali ambapo hata yeye mwenye shamba hana amri. Nani mwingine hapa nchini amewahi kupewa mamlaka kama hayo bila kampeni? Kama huo ni ukuta, basi ni wangu, na nimeupaka rangi.

5. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Makala hiyo imeniharibia mume.

Mimi niliisoma Jumamosi jua lilipozama, Sabato ikiwa imekwisha. Gazeti nikaliacha juu ya kiti chake. Kulipokucha sikulikuta. Tangu siku hiyo Mokua si yule. Jumatano alikwenda kwenye mkutano wa Mwalimu Nyanchera, yule mama wa mageuzi anayeshindana na Mzee Anyona. Alisimama nyuma kabisa, saa mbili, na hakuzomea. Jirani mmoja alimtania, "Mokua, umepotea njia au umepotea chama?" Akajibu, "Nasikiliza tu." Mtu wa nyumba hii, anasikiliza tu.

Ijumaa aliniomba chai ya rangi. Nyumba yetu imezungukwa na chai pande tatu, tuna ng'ombe wawili wa maziwa, na mume wangu ananiomba chai isiyo na maziwa ili aone ladha yake ikoje.

Jumapili babake alikuja, akakohoa, na mvua ikaanza. Mokua akamwambia asogee barazani. Mzee Manasseh alibaki kwenye mvua na kikombe chake, maji ya mvua yakiongeza chai, akasema, "Walter, nimekukosea nini?" Nililazimika kumpa mwavuli kwa kuurusha. Jioni hiyo, tukila mboga chungu za chinsaga na ugali, Mokua aliweka tonge chini akasema taratibu, "Lakini huyu Nyanchera ana hoja kuhusu barabara." Mchuzi ulinimwagikia mapajani na sikuuhisi.

6. Huenda ukasema barabara ni barabara. Nifuate polepole. Mzee Anyona amemjua Mokua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Ndiye aliyemnunulia kaptula ya kwanza ya shule. Kama Mokua anaweza kumwacha mtu wa miaka thelathini kwa sababu mwingine amekuja na hoja, mimi wa miaka miwili na wiki saba nimeshikilia nini? Leo ni barabara. Kesho ataonja chai ya rangi na aipende. Keshokutwa atanunua leso ya mistari. Na siku moja atasimama nyuma ya umati fulani, mahali fulani, akimsikiliza mwanamke fulani mwenye hoja, na akiulizwa atasema anasikiliza tu. Silali vizuri. Nikilala, naota anaandika makala.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima:

(a) Gazeti lako litoe sahihisho, kwa herufi kubwa, kwamba watu huwa wahafidhina kwa sababu ya upendo. Mtu anapenda kitu, anataka kesho akikute pale pale. Hakuna utafiti zaidi unaohitajika. Kama daktari anataka ushahidi, nina leso zote ndani ya sanduku. Mokua hakuwahi kuzitumia, aliniletea zote siku ya harusi.

(b) Makala zote za siasa ziwe na onyo juu kabisa, kama lile la kwenye dawa ya ng'ombe: zisiachwe karibu na watu waliooana chini ya mwaka mmoja.

(c) Serikali iahirishe mageuzi yote katika kaunti ya Nyamira hadi mwaka wangu wa kwanza wa ndoa utimie. Kisii wanaweza kuendelea, lakini wasipige kelele upande wa kwetu.

(d) Kama hilo ni gumu, tume ya uchaguzi iniruhusu mimi pekee. Uchaguzi wa tarehe ishirini na saba usifanyike katika nyumba yangu. Mokua abaki nami, nitampikia, na Mzee Anyona ahesabiwe ameshinda kwa upande wa meza yetu.

Sidhani nimeomba makubwa. Nisalimie mpiga chapa wako, karani aliyepokea simu yangu akanivumilia, wote wanaooa mwaka huu hapo ofisini, na mkeo kama mnaelewana. Hata yule daktari msalimie. Huenda hajapata mtu.

Wako katika mapenzi na masikitiko,

Linet Nyamoita Mokua (Bi.)

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Mokua alipoingia kutoka shambani, akaniuliza namwandikia nani. Siwezi kumficha kitu mtu huyu. Nikaichana bahasha, nikampa barua. Aliisoma amesimama, kikapu cha majani bado mgongoni, kisha akaniuliza, "Makala gani?"

Hajaiona. Jumapili ile alfajiri alichukua gazeti lako akafungia ndizi ili ziive, na daktari mzima yuko darini hadi sasa pamoja na mkungu.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa Nyanchera alifuata nini. Akasema, "Nilikufuata wewe." Anasema kila jina la Anyona likitajwa redioni mimi huenda jikoni kutafuta chumvi, na chumvi iko mezani. Alitaka asikie ninachosikia. Chai ya rangi ni kwa sababu ndivyo ninavyoinywa akiwa shambani, kumbe ananiona. Na babake, alisema, alikuwa analowa tu.

Basi nami nikakiri, Ndugu Mhariri, na nakiri kwako pia. Tangu nipate kitambulisho nimewapigia kura watu wa mageuzi, kila uchaguzi, bila kukosa hata mmoja. Karatasi ya Nyanchera imo ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Mokua akasema aliiona wiki ya kwanza, tukiimba.

Yeye bado atampigia Mzee Anyona. Ameahidi, na barabara haijamtoa kwenye ahadi yake. Mimi nitampigia Nyanchera. Tutapanga foleni moja, kura zetu zitafutana, na tutarudi nyumbani tumeshikana mikono bila kuwa tumemsaidia mtu yeyote.

Kwa hiyo sahihisho usitoe, na ile (d) ifute kabisa, nahitaji siku hiyo. Tutakuja ofisini kwako wawili kabla mwezi huu haujaisha, mara tu kura zikihesabiwa. Mwite daktari amuulize Mokua mwenyewe kwa nini yuko hivyo alivyo. Mimi nimemuuliza leo. Jibu lilichukua alasiri yote, majani ya chai yakachelewa kwenye kituo cha kupimia, na sitaki lichapishwe.