Nguruwe Kwenye Njia ya Omalo

Jumanne, 11 Juni

Katapila limemaliza kuondoa theluji. Njia ya kupanda Omalo, kijiji chetu cha mlimani, iko wazi. Jumamosi mama Eteri, mwenye nyumba ya wageni kule juu, atachagua dereva wa kumpandishia wageni majira yote ya joto. Kila mwaka ni Imeda. Imeda anapita kona za mlimani akila tofaa, mkono mmoja kwenye usukani. Simpendi. Nimemwambia mke wangu kwamba huu ni mwaka wangu. Nanuli akasema nianze kwa kuosha gari. Nimeliosha, kwa maji ya mtoni. Nimepata mafua.

Jumatano, 12 Juni

Nina mpango. Safi kabisa.

Sisi Watusheti hatupandishi nguruwe mlimani. Huku bondeni unaweza kumla ukashiba. Ukimvusha kule juu, hata kipande, mvua inanyesha, njia inaporomoka, na ukoo wako wote unanyooshewa vidole. Dereva akikutwa na nguruwe garini hapati tena abiria, hata kuku.

Nimenunua paja la nguruwe lililokaushwa. Mwenye bucha ananijua. Akauliza kama naacha mlima na kuhamia mjini. Nimelifunga mifuko juu ya mifuko na kulisukumiza ndani ya kifuniko cha tairi la spea, nyuma ya gari la Imeda. Kesho mimi na Imeda tunampandishia mama Eteri mizigo; tukifika Omalo nitaomba kuazima hiyo spea, mbele za watu. Basi.

Alhamisi, 13 Juni

Mama Eteri kapanda gari langu! Kaona limeoshwa. Imeda nyuma yetu, kabeba magodoro. Upande huu mwamba, upande ule hewa tupu, na mto kule chini mwembamba kama uzi. Mama Eteri hakuangalia. Alikuwa anafuma soksi.

Karibu na kilele, pancha. Pancha ya kweli. Spea yangu niliiacha nyumbani ili mizigo yake ienee.

Imeda akasimama. Kabla sijaomba chochote, kafungua kifuniko. Furushi likadondoka miguuni pa mama Eteri. Sikuweza kujizuia. Nikapaza sauti kwamba Imeda kapandisha nguruwe.

Mama Eteri akalitazama furushi. Lilikuwa bado limefungwa.

"Umejuaje, Zezva?"

Nikasema harufu.

"Na hayo makamasi?"

Imeda hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akanifungia tairi, akakaza nati zote, akamhamishia mama Eteri kwake. Mimi nikaamriwa nirudi bondeni na furushi langu. Pa kugeuzia hapakuwepo. Nimeshuka kinyumenyume kona baada ya kona, kichwa nje ya dirisha. Kwenye jiwe la madereva walioanguka, ambapo kila mtu husimama kuwamiminia marehemu tone la chacha, pombe yetu kali ya zabibu, sikusimama. Niliona aibu mbele yao.

Jumamosi, 15 Juni

Kachaguliwa Imeda.

Mvua haijakatika tangu jana. Wanasema ni yangu. Wazee wameamua: sipandishi gari mlimani mpaka nipeleke kondoo wa kafara kule juu, na kwa kuwa sipandishi gari, hawakusema nitampelekaje. Nanuli hanisemeshi, isipokuwa aliniuliza kikaango chake kinanuka nini.

Jioni Imeda kapiga simu.

"Yaishe, ndugu yangu. Njia ikikauka nitakupandisha wewe na kondoo wako, hutoi hata lari moja ya nauli. Tutapanda na wageni wa kwanza wa mama Eteri."

Wema wa mtu huyu! Nimelia kidogo, sifichi.

Kisha nimeshuka zizini na kuchagua kondoo anayeharisha. Wageni wakifika Omalo katika hali hiyo, mama Eteri ataona mwenyewe kachagua dereva wa namna gani. Imeda ameomba jambo moja tu: nikae nyuma na kondoo, nimkumbatie kwenye kona asianguke. Nimekubali bila kusita.