Ukuta Unaopumua

Jumatatu, 4 Mei

Nimezaliwa upya! Tangu leo asubuhi mimi si mpambaji wa nyumba tu. Ni mtaalamu wa majengo yenye afya. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nimejipa mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuninyang'anya.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea anayosoma binti yangu alituita wapambaji wawili ofisini kwake. Chumba cha vitabu kilipakwa rangi wakati wa likizo, na tangu hapo watoto wanaumwa vichwa na kukohoa. Sasa wanasomea kwenye korido, wamepangwa kama viatu mlangoni. Binti yangu ni mmoja wao. Kikohozi chake nakijua sasa kama mlio wa simu yangu.

Mwalimu Mkuu ameikwangua rangi yote. Anataka kuta na sakafu za vitu visivyodhuru watoto wala kuharibu mazingira: udongo, chokaa, mkonge, mbao zilizokwisha kutumika mahali pengine. Kila mmoja wetu atatengeneza kona moja ya chumba hicho. Jumamosi watoto wataingia na kukaa upande wanaoupenda. Atakayependwa anapewa kazi ya shule nzima.

Watoto ndio majaji! Nilicheka moyoni. Ukiwa na biskuti, mtoto unamshawishi kwa dakika mbili tu.

Ubaya ni mmoja. Mpambaji wa pili ni Shemeji, mume wa dada yangu. Tulikuwa na ofisi moja, hadi siku alipoondoka na wateja, ngazi na kibao cha mlangoni. Mtaani wanamwita Bwana Mng'aro. Kila anachokigusa lazima king'ae. Hata kichwa chake.

Mpango wangu uko tayari. Kazi ya udongo ni kuchafuka bure. Stoo ninayo rangi ya mafuta, makopo na makopo. Nitaichanganya na mchaichai na maganda ya ndimu. Itanukia kama bustani. Nani atajua?

Jumanne, 5 Mei

Nimeijaribu rangi nyumbani, sebuleni, ukuta wa nyuma ya kiti cha Mama Mkwe. Mama Mkwe alikuja kutusalimia mara moja. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Mvua zimeisha, bado anatusalimia.

Matokeo: harufu ya chai iliyopikwa ndani ya gereji. Mama Mkwe alipiga chafya hadi miwani ikamruka. Akafunga mizigo. Akasema anakwenda kukaa kwa dada yangu, ambako angalau watu wanaruhusiwa kuvuta pumzi.

Ushindi! Kiti nimekipata. Rimoti nimeipata. Nilikaa peke yangu kama waziri, nikakunja nne.

Halafu binti yangu akaanza kukohoa. Si kile kikohozi cha shule. Kingine, kirefu, cha kumkunja mgongo. Mke wangu alimbeba, akachukua na mto, akaenda kukaa naye kibarazani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nimeukwangua ukuta wote kwa mikono yangu, mpaka kucha zikauma. Nimefanya hivyo kwa sababu za kitaalamu tu.

Jumatano, 6 Mei

Mama Mkwe hana siri. Jana alifika kwa dada yangu, leo asubuhi Shemeji alikuwa getini kwa Mwalimu Mkuu kabla ya kengele. Kamweleza yote: rangi ya mafuta, mchaichai, ndimu. Mpaka chafya aliziigiza.

Nikaitwa. Nilipoingia, Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, ananitabasamulia kwa meno yote. Mwalimu Mkuu akaniuliza kama ni kweli nimepaka nyumba yangu rangi ya kuumiza watu.

Nilijaribu kufikiri. Sikuweza. Mdomo ukatangulia wenyewe. Nikasema ni kweli kabisa, Mwalimu. Nimejaribu kwangu, kwa familia yangu, ili nisije nikajaribu kwa watoto wa watu.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona fundi anayeanzia majaribio nyumbani kwake. Akanipa mkono. Mikono miwili!

Meno ya Shemeji yakarudi ndani, moja moja.

Nilitoka nikielea. Nilipofika getini ndipo nikakumbuka maneno yake ya mwisho, kwamba anangoja kwa hamu kubwa kuuona ukuta wangu wa udongo.

Sina udongo.

Alhamisi, 7 Mei

Sasa ninao. Ninao hadi masikioni.

Nimempata fundi plasta, mtu mzito wa maneno, ambaye hajui kuharakisha hata kupiga miayo. Kaleta udongo mfinyanzi, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Aliniambia lazima vikanyagwe vizuri. Nikamuuliza mashine iko wapi. Akaitazama miguu yangu.

Nilikanyaga. Suruali yangu ya kwenda kwa wateja imekwisha. Walimu walipita, wakanisifu kwa kuipenda kazi yangu. Nikakanyaga kwa madaha zaidi, nikateleza, nikakaa. Wakasifu tena.

Mke wangu ni mshonaji. Ameshona mito ya kukalia kwa vitambaa vya pamba vilivyobaki kazini kwake, akaja nayo pamoja na zulia la mkonge. Rafu nimezitengeneza kwa milango ya zamani ya shule yenyewe. Sikuipaka kitu, nimeisugua tu kwa msasa. Kusema kweli vanishi iliniishia, lakini Mwalimu Mkuu alipoupapasa ubao alifurahi sana, basi nikamwambia ndivyo nilivyokusudia.

Jioni ukuta ulikuwa laini kama shavu. Fundi akasema usiguswe, ufunikwe kwa magunia mabichi, ukauke taratibu. Akarudia: taratibu. Nikaitikia vizuri sana. Jumamosi ni keshokutwa! Alipogeuka tu nikayaondoa magunia, nikaleta feni mbili za ofisini, nikaziwasha zote, namba ya mwisho.

Huyu fundi ana mikono mizuri, ila hana akili ya biashara.

Ijumaa, 8 Mei

Ukuta umepasuka.

Si ufa mmoja. Ni familia ya nyufa, na wajukuu. Zimeanzia juu, zikashuka, zikagawanyika, zikajikunja. Katikati kuna mpasuko mnene wenye mkia na kitu kama meno. Fundi aliutazama, akazitazama feni. Akasema kwa sauti ya upole kwamba akiulizwa, hanijui.

Nilikaa chini. Shule nzima nimeikosa. Na Jumatatu watoto watarudi koridoni, au watakaa ndani ya kazi ya Shemeji, binti yangu akiwemo.

Kazi ya Shemeji iko nyuma ya turubai, upande wa pili wa chumba. Sijawahi kuiona. Shemeji alikuwa ametoka kula. Unajua kilichofuata.

Nilichukua mwiko wangu, nikanyanyua turubai, nikaingia. Mama yangu! Mbao za mianzi zilizobanwa, kutoka sakafuni hadi dari, zinang'aa kama uso wa bwana harusi. Nilijiona ndani yake, na nilikuwa mchafu. Basi nikaamua kubandua kipande kidogo tu pembeni. Kidogo sana. Ili tuwe na hali sawa.

Nikachuchumaa, nikasogeza pua kuutafuta muunganiko wa mbao. Hapo ndipo gundi na vanishi vikanipokea. Vilikuwa vimefungiwa humo tangu jana, vikinisubiri. Macho yakamwagika machozi. Kichwa kikazunguka. Nikajaribu kusimama, nikalishika turubai, turubai likaja nami hadi chini.

Nilipojitoa humo, Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama juu yangu. Mimi sakafuni, mwiko mkononi, machozi hadi kidevuni.

"Ulikuwa unafanya nini huku?"

"Nimenusa," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka. Na halikuwa la uongo.

Mwalimu Mkuu, mama wa watu, alinishika mkono, akanitoa nje kwenye hewa, akawaita walimu wenzake. Akawaambia waniangalie vizuri. Huyu baba, akasema, ametanguliza pua yake mbele ya pua za watoto. Mwalimu mmoja alinipepea kwa daftari. Nikafumba macho ili nipepewe zaidi.

Shemeji akafika anakimbia, tonge halijashuka. Alijitetea kwamba mianzi ni mmea, na mmea ni kitu cha asili. Mwalimu Mkuu alikubali kwamba mianzi ni mmea. Gundi je? Vanishi je? Shemeji akajibu kuwa harufu itatoka yenyewe baada ya muda.

"Itatokea mlangoni," Mwalimu Mkuu akamuuliza, "au itapitia kwanza kwenye vifua vya watoto?"

Nilitamani niliseme mimi! Kwa kuwa sikulisema, nililirudia kwa sauti, mara mbili.

Hata hivyo ahadi ni ahadi, akasema. Watoto wataamua. Madirisha yote yafunguliwe hadi kesho.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeshinda! Nimeshinda! Ngoja nieleze kwa utulivu.

Wazazi walijaa dirishani. Dada yangu alikuja na Mama Mkwe. Mfukoni nilikuwa na paketi mbili za biskuti. Mpango: mtoto akitazama upande wangu, anaiona biskuti. Basi.

Mlango ukafunguliwa. Aliyetangulia ni binti yangu. Damu yangu! Akapita mbele yangu kama hanijui, akaenda moja kwa moja kwa Shemeji, akaanza kujitazama ukutani na kutoa ulimi. Wenzake wote wakamfuata. Kona yangu ilibaki na mimi na nyufa zangu. Shemeji alinikonyeza.

Nikaingiza mkono mfukoni kuchukua biskuti. Wakati huohuo mtoto mmoja akauliza kwa sauti nani amepaka rangi ya kucha. Mwingine akabana pua. Halafu nikakisikia kile kikohozi. Kirefu, cha kumkunja mgongo.

Sikumbuki nilivyofika. Najua nilimkanyaga Shemeji, na biskuti zilimwagika sakafuni. Nilimnyanyua binti yangu nikamvusha upande wangu karibu na dirisha, nikampapasa mgongo hadi pumzi zikarudi. Wakati ule shule sikuwa naifikiria. Naandika hili kwa kuwa limenishangaza.

Alipopata nafuu akaegemeza shavu kwenye ukuta wangu. Akasema una baridi nzuri. Kisha akanyoosha kidole.

"Baba! Mamba!"

Nikatazama. Kweli bwana. Ule mpasuko wa katikati, mkia huu hapa, meno haya hapa. Watoto wakaja mbio. Walimgusa mamba puani, wakamfuata kwa vidole hadi mkiani, wakatafuta watoto wake katika nyufa ndogondogo, wakawapata. Muda mfupi tu baadaye wote walikuwa wamekaa juu ya zulia la mkonge, migongo kwenye mito ya mke wangu, vitabu mapajani. Hakuna aliyekohoa. Upande wa Shemeji alibaki Shemeji, mara mbili, yeye na taswira yake.

Mwalimu Mkuu akaja, akaniuliza nyufa zile zimetokana na nini.

Nikakohoa kidogo kitaalamu. Nikamwambia: ukuta unapumua, Mwalimu. Huu ulivuta pumzi kwa nguvu.

Fundi plasta, aliyekuwa mlangoni, akageuka kutazama nje.

Mwalimu Mkuu akaagiza nyufa zote zizibwe isipokuwa mamba. Shule nzima ni yangu! Shemeji alinipa mkono. Nilipomtazama usoni nikaona naye macho mekundu. Akaninong'oneza kwamba kichwa kinamuuma tangu Alhamisi. Nikamwonea huruma kidogo, nikamwonyesha dirisha.

Mama Mkwe alinishika bega mbele ya watu wote. Akatangaza kwamba kwa dada yangu vanishi inanuka hadi kwenye chai, na nyumba pekee anamoweza kupumua sasa ni kwangu. Anarudi leo. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Jumatatu, 11 Mei

Korido iko tupu. Nilipita asubuhi nikawachungulia: wamejazana mbele ya mamba, mwalimu wao anasoma, madirisha wazi. Binti yangu amelala usiku wa juzi na wa jana bila kukohoa. Mke wangu ananitazama kama zamani zile za uchumba. Amenipikia mchuzi bila kuombwa.

Sifa zimesambaa. Saa tano simu ililia: mganga mkuu wa zahanati. Anataka chumba cha wagonjwa kusubiria, chenye afya, kitu cha asili kitupu. Ameshaambiwa kwamba kwa mambo hayo mtu ni mimi. Nikamwambia alale usingizi.

Na bahati inavyonipenda! Mchana huuhuu kapita mfanyabiashara mmoja na marobota ya sakafu ya plastiki iliyochorwa kama mbao. Kazi ya ajabu! Vifundo vya mti vimo. Hadi mchwa wamechorwa. Nilipofungua robota moja sebuleni, Mama Mkwe aliondoka kimya na mkeka wake. Macho yaliniwasha kidogo, nadhani ni furaha. Nimeagiza ya zahanati nzima.

Mke wangu aliniuliza kama nimesahau wiki nzima iliyopita. Nikamkalisha, nikamweleza pole pole, kama ninavyowaeleza wateja. Udongo unatoka ardhini, ndiyo maana ni wa asili. Plastiki inatengenezwa kwa petroli. Petroli nayo inatoka ardhini, tena chini zaidi. Kwa hiyo plastiki ni ya asili zaidi.

Akainuka, akaenda kufungua madirisha yote.

Nadhani amenielewa.