Msimu Wangu wa Mpira wa Papai

Jumatatu, 5 Mei 2025
Siku njema! Wageni wa kanisa waliotembelea chuo chetu hapa Musoma wametuachia mipira ya Kimarekani. Ina umbo la papai. Wamewaachia na vyuo vya Bunda na Butiama, kwa hiyo kuna ligi. Unabeba papai, unakimbia nalo, ukifika mstari wa wapinzani bila kuangushwa ni bao. Basi. Mwalimu Flora wa michezo akauliza nani anaujua mchezo huu. Nikasimama. Nikasema nimeucheza sana Mwanza. Mwanza nimefika mara moja, kung'olewa jino. Lameck, yule mpole wa darasa letu aliyelelewa akikimbiza ng'ombe, akauliza mpira huu kichwa chake huwaga upande gani. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya nahodha. Ndivyo nilivyoupata unahodha.

Alhamisi, 8 Mei
Nimetazama video. Wamarekani wana mabega kama makabati! Kumbe ni vifaa, wanavaa ndani ya jezi. Sisi hatuna. Nikawaza. Nikapanda boda kutoka chuoni Bweri hadi ziwani Mwigobero, kwa mzee Machage mwenye boti ya abiria. Nikamwamkia kwa heshima zote. Nikamwomba majaketi yake ya kuelea, yale ya rangi ya chungwa. Nikasema tuna somo la usalama majini. Mzee akafurahi, akasema kumbe vijana wa siku hizi wanajali. Ila yarudi Jumamosi kabla boti haijaondoka saa nne. Nikamwapia. Debora, beki wetu, akauliza mechi ya Jumamosi inaanza saa ngapi. Nikamjibu saa tatu na nusu, akatikisa kichwa. Hana imani huyu dada!

Jumamosi, 10 Mei
Butiama wamekuja kwetu. Tulipendeza! Shida ilikuwa kukimbia. Jaketi linapanda mpaka masikioni, huoni mpira wala mwenzako. Ukiangushwa huumii, ila huinuki. Tulibiringika uwanjani kama maboga. Mara mzee Machage huyo, na abiria wake nyuma, wamama na mabeseni yao. Akaingia katikati ya mchezo.
"Wewe kijana! Watu wangu wazame ili wewe upate mabega?"
Akatuvua mmoja mmoja. Mimi wa mwisho, kamba ilikuwa imejipiga fundo. Wamama wakasubiri, mikono kiunoni. Tukafungwa tatu bila. Mwalimu Flora akayaandika matokeo kwa wino mwekundu. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 17 Mei
Bunda, ugenini. Safari hii nilijiandaa. Mbinu zote nilizigeuza kuwa Kijita, lugha ya kwa mama, wapinzani wasielewe. Kulia, kushoto, rudi, rusha. Niliikaririsha timu wiki nzima. Mechi ikaanza, nikapaza sauti. Cha ajabu, tukienda kulia, Bunda wako kulia wanatungoja. Kushoto, wako kushoto! Nikajua kuna msaliti. Nikamkazia macho Lameck. Kipindi cha pili nahodha wao akanisogelea, akaniambia kwa upole kwamba lile neno la kurudi silitamki vizuri. Kumbe nusu ya timu yao wanatoka Kibara, kwa Wajita wenyewe. Kijita wamekinyonya kwa mama zao. Baada ya mechi akaniuliza ukoo wa mama. Tumekuta ni ndugu, tena inabidi nimwite mjomba. Mjomba kanifunga nne bila.

Jumanne, 20 Mei
Kikao. Mwalimu Flora anasema tukifungwa tena na Butiama, timu inavunjwa na mipira inapelekwa shule ya msingi. Wachezaji wakataka kura. Nahodha mpya ni Lameck. Nilipata kura moja, nayo niliiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nimeumia, nisidanganye humu. Lameck akanipa mkono. Akasema, "Nicolaus, hatukuachi. Kelele zako tutazihitaji." Ni tusi? Nimelifikiria hadi ugali ukapoa.

Jumamosi, 24 Mei
Butiama, kwao. Tuko bao moja kwa moja, dakika za mwisho. Nilikuwa benchi tangu asubuhi, natafuna nyasi. Lameck akaniita. Akanieleza taratibu.
"Wewe kimbia kulia. Kumbatia tumbo kama una mpira, na upige kelele zako zile. Mpira wenyewe hatukupi."
Nikakimbia. Nikapiga kelele hadi ng'ombe waliokuwa wakichungwa jirani wakanyanyua vichwa. Butiama nzima ikanifuata! Waliniangukia wote, na mwamuzi juu yao. Nikiwa chini, mdomo umejaa vumbi, nikasikia wetu wanashangilia upande wa kushoto. Lameck alikuwa amefika mstarini, tena anatembea. Tumeshinda! Akaja kunivuta mkono, akasema asante kaka. Debora akanipangusa majani mgongoni. Kwenye basi waliimba jina langu mpaka Musoma. Niligeukia dirishani. Macho yaliniwasha kidogo.

Jumatatu, 26 Mei
Bega linauma. Nimelala chali, nautafakari msimu mzima kwa utulivu. Nimeliona kosa langu, na nalikubali kiume. Mimi si mtu wa kuongoza timu. Timu ina watu wachache mno kwa kipaji changu. Kesho natangaza kugombea urais wa serikali ya wanafunzi. Lameck atakuwa makamu wangu. Yeye bado sijamwambia, lakini mabango nimeshaagiza.