Fungu Kubwa la Nyumba ya Ghorofa

Sukari alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni, aliposikia maneno yaliyomsahaulisha kidevu chake: fungu kubwa. Kinyozi alikuwa akizozana na kaka yake, mwenye bucha ya jirani, juu ya nyumba ya ghorofa aliyowaachia marehemu baba yao. Maneno mengine yote yalimezwa na redio. Sukari hakuyahitaji.

"Ndugu zangu, msitoane macho," alisema. "Mimi ni mtaalamu wa mirathi."

Utaalamu huo ulikuwa na umri wa dakika moja. Akaomba kalamu.

"Kaka mtu apewe moja ya nane. Nane hiyo, nzito. Mdogo mtu achukue sifuri nukta tatu saba tano. Ona tarakimu zilivyojipanga. Mimi, kwa jasho langu, nibaki na sifuri nukta tano. Katano kamoja, tena kapweke."

Mwenye bucha alikuna kichwa. "Kwa hiyo nane imeipita tano?"

"Tangu dunia iumbwe, kaka."

"Na mimi nina tarakimu tatu, wewe moja," kinyozi alisema taratibu. "Hutaona tumekudhulumu?"

Sukari alijikaza asicheke, akasema amezoea kujinyima.

Kesho yake walitia saini kwa wakili, Sukari akiwa wa kwanza. Kisha akaenda kutazama mali yake. Kwa nje ilikuwa imepakwa rangi mpya, inapendeza. Alipofungua mlango, alikutana na ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi darini, mkono mzima ungepita. Chini ya ufa walisimama wale ndugu wawili pamoja na ofisa wa majengo wa manispaa.

"Nyumba hii ibomolewe kabla haijaua mtu," ofisa alisema. "Sheria inamtaka mwenye fungu kubwa agharamie yote. Ni nani?"

Kumbe muda wote huo ndugu wale walikuwa wakisukumiana fungu kubwa, si kuligombea.

"Moja ya nane ni asilimia kumi na mbili na nusu," mwenye bucha alisema bila kukuna kichwa. "Mdogo wangu ana thelathini na saba na nusu."

"Mtaalamu ana hamsini kamili," kinyozi akamalizia.

"Lakini nane ndiyo kubwa," Sukari alisema. "Muulizeni yeyote."

"Ukikata mkate vipande vinane, kaka, kila kipande kinakonda," kinyozi alimweleza kwa upole.

Ofisa alikwishaandika jina. Mwenye bucha akaingia chumba cha nyuma, akarudi na nyundo kubwa, akamkabidhi Sukari kwa mikono miwili.

"Anzia juu," alimshauri. "Ukianzia chini itakuangukia."