Gunia la Mbolea Ndani ya Leba

Kagendo na Wanja,

Leo nimechekwa na wodi nzima ya kuzalishia, kuanzia metroni mpaka mama aliyekuwa katikati ya uchungu. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia huko mazoezini Embu, maana mtaongezewa chumvi.

Mnaijua leba yetu ya hapa Meru. Aproni za plastiki zimebaki mbili, na hizo ni za wauguzi. Mwanafunzi anazalisha na sare yake ya kitambaa, damu ikimrukia anaambiwa akafue. Mimi nimekataa. Kagendo, mwaka jana ulidungwa na ile sindano ya mgonjwa, ukakaa miezi mitatu ukingoja kupimwa damu, ukilia bafuni ukidhani hatusikii. Ulitoka salama, lakini mimi niliapa sitaguswa na damu ya mtu kwa kukosa plastiki.

Basi Jumapili nilipoenda nyumbani Kanyakine nikachukua gunia la mbolea la baba, lile la plastiki nzito. Nikalikata tundu la kichwa na la mikono, nikaliosha kwa dawa mpaka likanuka hospitali. Nikaligeuza, maandishi yakaingia ndani. (Mimi si mjinga. Ngojeni.)

Leo asubuhi nimelianua kwenye ua nikalivaa mbio. Sista wa wodi akanikuta mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Aproni, Sista."

"Hapa ni leba, si shamba la kahawa. Vua."

"Nipatie ya wodi nivue hii."

Akafyonza. Halafu akasema sisi wa siku hizi tunaogopa damu, yeye amezalisha miaka yote na sare tu. "Na metroni anapita leo. Ukiniaibisha mbele yake, sitii sahihi kwa kitabu chako."

Mnajua nimebakisha mtoto mmoja tu wa kuzalisha, kitabu cha mazoezi kijae. Bila sahihi hiyo, mtihani nitauonea dirishani. Hata hivyo sikuvua.

Saa nne akaletwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, uchungu umekolea. Nikajipanga, Sista kando yangu. Mara metroni huyo, ameingia na daktari. Nikasimama wima, kifua mbele. (Kiburi, ndiyo.)

Mwalimu akainua kichwa, akanitazama kifuani. Kwa ile sauti ya kufundishia darasa la kwanza, akasoma:

"Mbolea ya kupandia. Kilo hamsini. Weka mbali na watoto."

Nikaangalia chini. Herufi nyekundu, kubwa. Jana nililigeuza tena nikiliosha mara ya pili, nikasahau kulirudisha.

Daktari akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Metroni akatafuta leso. Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka kitanda kikalia, na katikati ya kicheko chupa ya uzazi ikapasuka, mtoto akafuata hapo hapo. (Nilimdaka. Hilo mlikumbuke mkimaliza kucheka.)

Maji na damu vilitumwagikia mimi na Sista. Mimi vikateremka kwenye plastiki hadi sakafuni. Sista alilowa kutoka kifuani hadi magotini, akabaki ameinua mikono.

"Wewe Mbolea," metroni akaniita, "damu imekufikia?"

"Hapana. Niko mkavu."

Akamtazama Sista na ile sare, kisha akatazama zile aproni mbili zilizotundikwa ukutani, zote zimepasuka. Akatoka bila kucheka tena.

Mchana Sista alirudi na sare ya kuazima, fupi, imembana. Akachukua kitabu changu, akatia sahihi bila kuniangalia. Nikajua yameisha. Alipofika mlangoni akasimama.

"Baba yako ana gunia lingine?"

"Liko moja, Sista."

"Lilete. Na uligeuze."

Kwa hivyo sasa naitwa Mbolea kuanzia leba mpaka jikoni, hata wapishi. Nitaitika. Kesho navaa tena, na anayetaka kunicheka aje anicheke akiwa mkavu. Wanja, hilo linakuhusu wewe na kicheko chako.

Ila Sista nilimdanganya kidogo. Kanyakine magunia yako mawili. La pili ni lako, Kagendo. Cheka ukishalivaa.