Zoezi la Mama K.

Jumatatu, 16 Juni

Baridi. Maji ya kunawia yanang'ata vidole. Shemeji Lidwina, mdogo wake marehemu mke wangu, ameingia asubuhi kutoka Mpitimbi na debe la mahindi na amri. Amri ni hii: Jumamosi ya tarehe 28 tunasimika msalaba wa Kasiana, mwaka umetimia, na neno la familia nitasema mimi. Nisipoandika, watampa tena yule karani aliyesoma siku ya mazishi.

Yule! Alisoma kwamba Kasiana alikuwa mpole na mnyamavu. Mnyamavu! Waombolezaji walitazamana. Hata padri aliinua macho.

Nimemwambia shemeji asihofu, mimi ni mtu wa kalamu. Si uongo. Enzi za kadi za salamu nilikuwa nasomwa redioni mara kwa mara: Aidan, Chui Mpole wa Matogoro, fundi redio, Songea, salamu zimfikie Kasiana popote alipo. Alikuwa jikoni.

Nimekaa na karatasi asubuhi yote. Nimeandika "Kasiana". Nimepiga mstari chini yake. Mstari umenyooka vizuri.

Jumanne, 17 Juni

Mbinu imepatikana! Imenijia nikiwa nanyoa ndevu, nimejikata.

Vijana wa mtaani wanaandika hadithi kwenye simu zao na hawana wa kuwaongoza. Mimi ninao uzoefu na sina neno. Basi nafungua darasa la ushauri barazani kwangu. Zoezi la kwanza: habari za mama mmoja aliyefariki, wa kubuni, tumwite Mama K. Wao watapata mazoezi, mimi nitapata neno. Hakuna atakayejua.

Tangazo nimelibandika mlangoni pa kibanda changu cha redio, mbele ya nyumba: USHAURI KWA VIJANA WANAOANZA KUANDIKA. BURE. NJOO NA KITI CHAKO.

Majidi amelisoma kwa sauti kubwa, mara mbili, ili wateja wake nao wafaidi. Huyu ni Myao wa Nakapanya, anauza korosho na dagaa jirani na kibanda changu. Ni mtani wangu, maana yake ana ruhusa ya mababu kunitukana mimi Mngoni, na hakuna baraza litakalomsikiliza mlalamikaji. Ameuliza tangu lini Mngoni akafundisha kuandika. Amesema Wangoni tulitembea kutoka kusini kote kule, tukavuka mito yote ile, na wallahi hakuna hata mmoja aliyekumbuka kubeba kalamu.

Nilimjibu kwamba Wayao wangeiona kalamu wangeikaanga. Jibu zuri sana. Lakini alikuwa ameshageuka kupima dagaa.

Alhamisi, 19 Juni

Darasa limeanza! Wamekuja wawili. Yasinta, binti aliyemaliza kidato cha nne, anamsaidia mama yake gengeni. Na Muhsini, dereva wa bodaboda, ambaye amekulia nyumba ya pili kutoka kwangu na amekuja bila kiti. Nimempa changu. Nimefundisha nikiwa nimesimama, jambo linaloongeza heshima.

Nimewapa ushauri wa msingi. Mwandishi avae koti. Mwandishi atumie maneno mazito, msomaji akielewa haraka hatamheshimu. Na muhimu kuliko yote, asiandike mambo ya nyumbani kwake, kwa kuwa nyumbani hakuna jambo lolote. Muhsini ameuliza kama bastola inaruhusiwa. Nikasema bastola ina mahali pake.

Kisha zoezi la Mama K. Yasinta, badala ya kuandika, akaanza maswali. Mama huyo alikuwa anachekaje? Alikuwa anaongea na nani akiwa peke yake? Nikamwambia mwandishi haulizi, anabuni. Ila kwa kumsaidia tu nikamwambia tuseme alikuwa akicheka anashika ukuta. Tuseme redio ikisema habari za jioni, msikilizaji, yeye anaitikia nzuri, karibu. Na anapaza sauti kidogo, kwa sababu mtangazaji yuko mbali, Dar es Salaam. Tuseme kanisani alikuwa anaanza kuimba ubeti wa pili, wa kwanza hakuwahi kuushika hata wa wimbo mmoja.

Yasinta alikuwa anaandika yote. Nimemwambia afute. Hayo si mambo ya kitabuni.

Jumamosi, 21 Juni

Kazi zimeletwa. Ya Muhsini ina kurasa nyingi. Mama K. anaishi Dar es Salaam, ana gari jeusi na maadui, na amechomoa bastola mstari wa pili. Nimemsihi aitoe. Amesema bila bastola mama huyo atauawa. Nimemwambia ameshafariki, ndilo zoezi lenyewe.

Ya Yasinta ni nusu ukurasa. Ni Mama K. anaitikia redio. Basi. Nimeisoma nikalazimika kuingia ndani kutafuta miwani, ambayo nilikuwa nimeivaa.

Pigo kubwa lilikuja mchana. Majidi naye amefungua darasa! Chini ya mwavuli wake, kando ya dagaa. Tangazo lake limeandikwa kwa mkaa: HUKU TUNA KOROSHO. Kila anayekaa anapewa konzi moja ya korosho za kuchoma. Muhsini amehamia huko papo hapo.

Amehama na kiti changu.

Jumatatu, 23 Juni

Dawa ya moto ni moto. Nimenunua maandazi. Nimeyapanga kwenye sahani, nimeiweka mahali ambapo upepo ungepeleka harufu kwa Majidi. Upepo wa Songea ulikataa, ulikuwa unatoka kwake, nimenusa dagaa mchana kutwa.

Amekuja Yasinta peke yake, na kuku watatu. Nimekata andazi, nikampa kipande, nikamwambia kidogo hicho, chukua. Akakitazama. Akasema, samahani babu, lakini mbona hicho ni kikubwa?

Nikaona kweli. Mkono umezoea. Kasiana alikata andazi hivyo kila asubuhi ya maisha yetu, anakupa kipande kikubwa na anakuapia kwamba ni kidogo. Ukibisha ananuna mpaka jioni. Nilimweleza Yasinta kwa kirefu, kisha nikakumbuka kwamba tunamzungumzia Mama K. wa kubuni. Nikasema nilisikia mahali.

Yasinta akasema sawa babu. Binti mzuri. Hajashuku kitu.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kulipeleleza darasa la Majidi. Nilijificha nyuma ya gunia la dagaa. Sikukaa sana, nina kifua.

Wanachofundishana pale ni aibu tupu. Hakuna hata kalamu! Majidi alikuwa anatembea huku na huku, ameinua kidole, anawafokea kuku. Muhsini anamsahihisha: kidole juu zaidi, sasa mwite yule jogoo Mwenyekiti. Wapita njia wanacheka. Sikuona kichekesho. Kasiana naye alikuwa anawafokea kuku, na jogoo wake aliitwa Mwenyekiti, lakini yeye alikuwa na sababu. Kuku walikuwa wake.

Kisha Majidi akasema, bila kugeuka, kwamba leo gunia lake la dagaa linakohoa Kingoni, na kama gunia linataka korosho lije mbele.

Nimerudi kibandani kwa kupitia uani.

Nimemkabili Muhsini baadaye, nikamwambia namsamehe kwa kuhama, ila aniletee Mama K. aliyekamilika, asiye na bastola. Ameapa.

Ijumaa, 27 Juni

Shemeji Lidwina amefika na wanawake wa Mpitimbi, uani wanachambua mchele. Akadai neno. Nikamwonyesha bunda la karatasi. Akalipima mkononi, akaridhika na uzito wake.

Hali halisi ni hii. Ukurasa wa kwanza ni wangu: "Kasiana", na mstari. Baada ya hapo nilitegemea kazi ndefu ya Yasinta, lakini amegoma. Amerudisha ile nusu ukurasa tu. Amesema kwa adabu sana kwamba yaliyobaki aliyasikia kwangu, na kwamba kwangu ndiko yanakokaa vizuri. Huu ndio ujeuri wa waandishi chipukizi! Unawapa ushauri bure, wanakurudishia kazi.

Kwa hiyo kilichobaki ni Muhsini. Kila palipo na "Mama K." nimeandika juu yake "Kasiana". Sijasoma mpaka mwisho, mwandiko wake ni kama pikipiki kwenye makorongo. Lakini nimetafuta neno bastola kila ukurasa. Halimo. Kijana ni mkweli.

Karani amepita kutoa pole. Mfuko wake wa shati ulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ameniambia amekuja nayo kwa tahadhari tu.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nikiwa bado na koti.

Msalaba umesimama vizuri. Jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Nilikaa karibu nalo mpaka waliponiambia wengine wameshaondoka.

Nyumbani, uani, watu wamejaa. Katekista akaniita mbele. Nikakohoa. Nikasoma "Kasiana". Nikageuza ukurasa, nikasoma ile nusu ya Yasinta, na watu wakaanza kutikisa vichwa na kusema eeh, ndiye. Moyo ukapanda. Nikajiambia, Chui Mpole, leo umewapata. Nikageuza.

Nikasoma kwamba Kasiana aliruka kutoka kwenye helikopta.

Muhsini hakusema uongo. Bastola aliitoa. Aliweka helikopta.

Ningenyamaza hapo. Lakini mtu akiwa anasoma mbele za watu miguu inakufa na mdomo unaendelea. Nikasoma kwamba maadui walitawanyika, na Kasiana akavua miwani yake myeusi akacheka kicheko cha kishetani. Kikongwe mmoja akauliza ni lini hiyo, mbona hakuambiwa. Shemeji Lidwina alinitazama kwa macho ambayo sitayaeleza hapa. Karani akasimama. Akaikunjua karatasi yake. Nikaiona kutoka nilipo: mpole na mnyamavu, palepale juu.

Ndipo ikasikika kelele nyuma ya jiko. Mtu anafoka. Anamwambia Mwenyekiti kwamba ana sifa za bure, wageni wamejaa nyumba nzima na yeye anakalia unga.

Majidi! Amejifunga kanga mbili, moja kichwani, kidole juu, anawaswaga kuku mpaka katikati ya watu. Yule karani akamwambia kwa ukali, kwenye kipaza sauti, habari za mchana, bwana. Majidi akashtuka, akatafuta sauti inatoka wapi, akaelekeza uso kwenye spika na kupaza sauti: nzuri, karibu!

Uwanja mzima ulilipuka. Karani alikaa.

Kisha Majidi akanijia. Akatoa andazi kwenye pindo la kanga, akalikata, akanipa kipande. Akasema kidogo hicho, chukua.

Sijui kilichonipata. Nikamwambia si kidogo. Nikamwambia Kasiana, miaka yote hii unanidanganya mchana kweupe, mimi nina macho, hebu nionyeshe hicho unachokiita kidogo ni kipi. Majidi akanuna, akanipa mgongo. Nikamwambia nuna tu, na chumvi umetia mara mbili, na wimbo umeanzia katikati, na nani alikwambia mtangazaji anakusikia? Nikaendelea. Nikasema na mambo mengine. Nilisema alivyokuwa ananizimia redio nikisinzia, halafu naamka kwa sababu ya ukimya, halafu ananiambia lala, nipo.

Hapo nilivua miwani.

Shemeji Lidwina alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, ameshika ukuta. Ameushika vilevile. Majidi akanivuta, akaniambia kaa chini mtani, mtumwa wangu, umechoka. Akadai kuku wake wa utani, ndiyo ada ya mtani. Shemeji akampa Mwenyekiti mwenyewe.

Jumapili, 29 Juni

Shemeji Lidwina ameondoka asubuhi. Kabla ya kupanda gari amenishika mikono, akasema lile ndilo lilikuwa neno, shemeji, liandike lisipotee. Nikamshukuru lakini ilibidi nimsahihishe. Yale yalikuwa mazungumzo tu. Neno nililokuwa nimeliandaa halikusomwa hata nusu, na aliyeliharibu ni Majidi. Yasinta naye amepita akasema babu, sasa nimeelewa hadithi inaandikwaje. Nimefurahi. Ushauri wangu umemwingia. Nimemkumbusha habari ya koti.

Mafunzo niliyopata: mwandishi asome kazi ya wanafunzi wake mpaka mwisho. Helikopta isitokee mapema. Na darasa lisiwe karibu na muuza korosho.

Nimeshabandika tangazo jipya. Zoezi la pili: habari za fundi redio mmoja, mzee, mtu wa watu, mwenye kalamu nzito. Wa kubuni. Siku yangu ikifika, yule karani asikute nafasi ya kukunjua karatasi. Hakuna atakayejua.

Majidi amelisoma tangazo kwa sauti, mara mbili. Akauliza huyo fundi anachekaje, maana kukohoa kwake anakujua tayari. Kiti changu amekirudisha, ameketi juu yake, Mwenyekiti amefungwa mguuni kwa kamba na ananitazama kama anayenidai.

Nilikuwa nimenunua andazi moja. Nilikuwa nimeshalikata. Nikamsogezea sahani, nikamwambia kidogo hicho, chukua.